Mboga Bila Sumu kwa Mtoto Wako

Leo tuzungumze juu ya dawa tunazonyunyizia mboga.

Mama, sukuma wiki utakayochuma jioni ilinyunyiziwa lini? Kuosha majani husaidia, lakini hakuondoi dawa yote. Mwili wa mtoto ni mdogo, na kiasi kisichomsumbua mtu mzima chaweza kumdhuru yeye.

Je, tuwaachie wadudu shamba? La. Wadudu wana maadui wao. Yule mdudu wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, hula vidukari wanaojazana chini ya jani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa icipe kule Kasarani, Nairobi, walileta nyigu wadogo kutoka Taiwan wakawaachilia katika mashamba ya kabichi nchini. Nyigu huyo hutaga yai ndani ya kiwavi wa kabichi, na buu likianguliwa humla kiwavi huyo. Dawa kali huua marafiki hawa pamoja na adui, kisha viwavi hurudi bila wa kuwazuia.

Kwa hivyo fanya hivi:

Kwanza, geuza majani kila asubuhi, uponde mayai na viwavi.

Pili, vidukari wakizidi, tia kijiko kidogo cha sabuni ya maji isiyo kali katika lita 1 ya maji. Jaribu kwa majani machache kwanza, kisha nyunyiza jioni chini ya majani.

Tatu, kwa viwavi, uliza kwenye agroveti dawa iliyosajiliwa ya mwarobaini au ya bakteria iitwayo Bt. Kiwavi akila jani lenye Bt, tumbo lake huharibika.

Nne, dawa yoyote ya dukani ina siku za kungoja kabla ya kuvuna. Kibandiko kikisema siku 7, usichume siku ya 3.

Lakini dawa ya asili si uji. Mtoto mchanga akinywa mafuta ya mwarobaini anaweza kupata degedege, na maji ya tumbaku ni sumu. Usiweke dawa yoyote katika chupa ya soda.

Mtoto aliyegusa au kunywa dawa akitokwa na mate mengi, akitapika, akitetemeka au akipumua kwa shida, usimtapishe. Mvue nguo, mwoshe kwa sabuni, kisha mkimbize hospitali iliyo karibu. Beba na chupa ya dawa, daktari aione.