Mali Bila Daftari: Picha ya Asili na Picha Iliyohaririwa

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Laiti wangaliiona tarakilishi ya mwanafunzi wa leo, yenye maelfu ya picha zilizorundikwa pamoja, nyingine zikifanana kama shilingi kwa ya pili ilhali moja tu ndiyo ya asili, hapana shaka wangaliirudia methali hiyo kwa sauti kubwa zaidi.

Suala hili si dogo kama linavyodhaniwa. Katika somo la isimu ninalofundisha, wanafunzi hupiga picha miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Aghalabu wino umefifia na karatasi imejaa madoa. Ni haki ya mwanafunzi kuongeza mwangaza na kufuta madoa ili apate kusoma. Hata hivyo, katika hati hizo herufi be, te na the zina umbo moja. Kinachozitenga ni nukta tu: moja chini, mbili juu, tatu juu. Chombo cha kufutia madoa hakijui lugha yoyote, na nukta kwacho yaweza kuwa doa mojawapo. Nukta ikifutika, neno hugeuka. Kwa hivyo picha iliyohaririwa ni fasiri ya aliyeihariri. Ile ya asili ndiyo ushahidi. Anayehifadhi ya kwanza juu ya ya pili ameuchoma ushahidi kabla ya kesi kusikizwa.

Isitoshe, picha za aina ya JPEG hupunguza habari kila zinapohaririwa na kuhifadhiwa upya. Hasara ya mara moja huenda isionekane kwa macho, lakini ya mara nyingi huweza kuonekana.

Je, programu za kupangia picha zinatusaidiaje? Zilizo bora haziigusi picha ya asili. Lightroom, iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka wa 2007, huandika katika katalogi yake maagizo ya mhariri: punguza hapa, ongeza mwanga pale. Picha mpya hutengenezwa tu mtumiaji anapoiagiza itolewe. Darktable, ambayo hupatikana bila malipo, huyaandika pia maagizo hayo katika faili ndogo yenye mwisho wa .xmp, inayokaa kando ya picha yenyewe. Nayo digiKam, ya bure vilevile, huweza kuziweka picha ya asili na zilizozaliwa nayo katika kundi moja, mtazamaji akaona ukoo mzima.

Lakini programu haimwondolei mtu wajibu. Picha za asili na ziwekwe katika folda yake, zisomwe tu bila kubadilishwa. Zilizohaririwa ziwe na folda nyingine. Majina nayo yaoane: 2024-03-12_ukurasa07_asili na 2024-03-12_ukurasa07_safi1. Tarehe ikianza na mwaka, faili hujipanga zenyewe. Anayetaka kuhamisha picha na aihamishe akiwa ndani ya programu, kwani akiihamisha kwa mlango wa nyuma katalogi haitaiona tena. Fauka ya hayo, katalogi yenyewe inakiliwe pamoja na picha, na nakala moja ikae mahali pengine kabisa.

Kuna wanaojitetea kuwa nafasi ni haba, wakifuta za asili ili wabaki na zinazopendeza. Ninawaelewa, kwani simu hujaa upesi na diski hugharimu fedha. Afadhali basi wafute zilizohaririwa: yenye maagizo yaliyohifadhiwa huweza kutengenezwa tena kwa dakika chache, bali ya asili ikipotea haina mbadala.

Tusiitegemee programu moja kana kwamba itaishi milele. Mnamo 2016 kampuni ya Google iliacha kuitegemeza Picasa, iliyokuwa imependwa na wengi. Ndiyo sababu ninasisitiza majina ya faili yanayojieleza yenyewe: hayo husomeka katika programu yoyote, na hata pasipo programu.

Tena tahadhari juu ya njia ya kupokezana. Picha inayotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa, na habari za tarehe na kamera zilizofungamana nayo huondolewa. Mwanafunzi anayemtumia mwalimu ushahidi na autume kama dokumenti, usipunguzwe.

Walimu wenzangu, sisi ndio tutakaoijenga ada hii au kuiacha ife. Tunapoisahihisha insha, huwa tunamdai mwanafunzi aonyeshe alikoitoa kauli yake. Atuleteapo picha safi inayong'aa, tumdai vivyo hivyo: ya asili iko wapi, na umeifanyia nini?