RAMLI HAINA JINA LA MTU

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Ukipita stendi ya matatu au sokoni, hukosi kuona kibao kilichopigiliwa kwenye mti au nguzo ya stima: mganga fulani ana dawa ya mapenzi, ya mitihani na ya kurudisha mali iliyoibwa. Watu husoma wakicheka, lakini wako wanaoiandika ile namba ya simu kisirisiri. Wengi wetu tunaiogopa ramli au tunaidharau bila kujua hata inavyopigwa. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Mimi naona heri aambiwe, ndiposa nimeshika kalamu.

Neno ramli limetoka katika Kiarabu na maana yake ni mchanga. Vitone vilichorwa mchangani au juu ya ubao, na ndiyo sababu watu wa pwani husema pia kupiga bao. Katika karne ya 12 vitabu vya Kiarabu vya elimu hii vilitafsiriwa kwa Kilatini, Wazungu nao wakaanza kuipiga. Kule Madagaska huitwa sikidi na hupigwa kwa mbegu. Wayoruba wa Nijeria wana Ifa, ambayo pia ina maumbo makuu 16, na UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2008. Ulaya na Marekani wako wanaotazamia kwa karata 78 ziitwazo taroti. Kwa hivyo kutamani kuijua kesho si ugonjwa wa Mwafrika peke yake, kama wengine wanavyodai.

JINSI INAVYOPIGWA

Chukua karatasi na kalamu. Piga vitone katika mstari mmoja, haraka haraka, bila kuhesabu. Sasa hesabu. Kama idadi ni witiri (yaani 7, 9, 11), andika kitone kimoja. Kama ni shufwa (8, 10, 12), andika viwili. Fanya hivyo mara nne, ukipanga kutoka juu kwenda chini. Hapo umepata umbo moja. Kwa kuwa kila safu ina njia mbili tu, maumbo yote ni 2 x 2 x 2 x 2, yaani 16. Hakuna la kumi na saba.

Kila umbo lina jina. Haya ni baadhi yao:

1-1-1-1 ni Njia.
2-2-2-2 ni Jamaa, watu wengi.
1-2-2-2 ni Furaha. Ligeuze juu chini, 2-2-2-1, lawa Huzuni.
2-1-1-2 ni Mkutano. 1-2-2-1 ni Kifungo.
2-1-2-1 ni Faida. 1-2-1-2 ni Hasara.

Ramli kamili huanza na maumbo manne yaitwayo Mama. Kisha wasome Mama hao kwa upande: safu za juu za Mama wote wanne zinakuwa Binti wa kwanza, safu za pili zinakuwa Binti wa pili, vivyo hivyo hadi wa nne. Sasa una maumbo manane. Yajumlishe mawili mawili, safu kwa safu: jumla ikiwa witiri weka kimoja, ikiwa shufwa weka viwili. Manane yatazaa Wapwa wanne, Wapwa watazaa Mashahidi wawili, na Mashahidi watamzaa Hakimu mmoja. Shahidi wa kulia, aliyetoka upande wa Mama, husemea muulizaji na mambo yaliyopita. Wa kushoto husemea jambo linaloulizwa na yajayo. Hakimu ndiye jibu.

Hebu jaribu na Mama hawa: 1-2-2-1, 2-2-1-2, 1-1-2-2 na 2-1-1-1. Usipokosea hesabu, Shahidi wa kulia atakuwa Jamaa, wa kushoto Faida, na Hakimu Faida. Anayeanza kujifunza atasema: "Umetoka katika watu wengi, unaiendea faida." Kama uliuliza habari ya mtihani, utafurahi kwamba kusoma kwa vikundi kumekufaa. Kama uliuliza habari ya mbuzi, utasema kundi litaongezeka. Jibu ni lile lile! Anayelijaza maana ni wewe mwenyewe.

SIRI YA HAKIMU

Hapa sasa wapenzi wa hisabati wakae macho. Vitone vya Mabinti ni vile vile vya Mama, ila vimesomwa kwa upande. Kwa hivyo jumla ya Mama na jumla ya Mabinti ni sawa daima, na namba ukiiongeza kwa namba iliyo sawa nayo unapata shufwa. Hakimu huzaliwa na jumla hiyo, basi vitone vyake ni lazima viwe shufwa. Maumbo ya namna hiyo ni manane peke yake. Furaha na Huzuni hayawezi kuwa Hakimu, hata upige mpaka kuche. Hiyo si roho wala jini, ni hesabu.

MBONA HUONEKANA KWELI?

Mwaka 1948 huko Marekani, mwalimu wa saikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio, kisha akampa kila mmoja maelezo ya tabia yake. Waliyapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa ukweli. Kumbe wote walipewa karatasi yenye maneno yale yale, mengi yakiwa yametolewa katika kitabu cha unajimu! Maneno mapana humwenea kila mtu kama shuka. Hata Ibn Khaldun, aliyeandika juu ya ramli mwaka 1377, aliikosoa.

MWIZI NI NANI?

Kama ramli ingeishia kwenye mchezo, nisingesumbuka. Lakini mtaani kwetu mama mmoja alipoteza shilingi elfu sita. Mfa maji haachi kutapatapa, akaenda kupigiwa. Akaambiwa mwizi ni mtu anayekula naye. Nyumbani mwake walikula mume, watoto wawili na msichana wa kazi. Unadhani aliyefukuzwa ni nani? Msichana alienda zake bila mshahara wa mwezi ule, na pesa hazijaonekana hadi leo. Yeye ni rika letu. Huko Kilifi nako, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi.

Sasa tufikiri pamoja. Mahakimu ni wanane. Darasa letu lina wanafunzi 44. Maumbo manane yatawezaje kumchagua mmoja kati ya 44? Na katika yale 16 yote, liko lenye jina la mtu? Jina hutoka kinywani mwa mpigaji, au katika moyo wa muulizaji aliyekuwa na shuku yake tangu nyumbani.

Basi ndugu msomaji, ukipenda jifunze ramli kama unavyojifunza hesabu na historia. Lakini kitabu chako kikipotea bwenini au darasani, tafuta, uliza, mwambie mwalimu wa zamu. Na mtu akikuambia bao limemtaja fulani, mwambie akuonyeshe jina lake liko kwenye kitone kipi.