Kitanda, Bafu na Mkate: Haki za Kijamii katika Mikataba ya Ulaya

Waholanzi wana maneno matatu ya kuutaja mgogoro uliowagawa kwa miaka: kitanda, bafu, mkate. Mtu mzima aliyekataliwa ombi lake la ukimbizi, hana kibali na ameshaambiwa aondoke, je, apewe pa kulala, pa kuoga na cha kula maadamu bado yumo nchini? Serikali ilisema atapewa iwapo tu atashirikiana nayo katika safari ya kurudi kwao. Mwaka 2014 Strasbourg ikajibu kwamba mahitaji hayo hayawekewi sharti, kwa kuwa yanahusu utu wake.

Jibu hilo halikutoka kwa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ambayo wengi wameisikia. Lilitoka kwa Kamati ya Haki za Kijamii ya Ulaya, chombo cha wataalamu 15 kilichopo Strasbourg, ambacho hata Wazungu wengi hawakijui. Kwa nini haki ya kusema ina mahakama, na haki ya kula ina kamati?

Tuanzie mwaka 1949, lilipoundwa Baraza la Ulaya, lenye Mahakama hiyo na Kamati hiyo. Chombo hiki kina nchi wanachama 46 na si Umoja wa Ulaya, ingawa majina yanafanana. Mwaka 1950 huko Roma wanachama wake walitia saini mkataba wa haki za binadamu uliolinda uhai, uhuru, ibada, maoni na haki ya kusikilizwa mahakamani. Kazi, matibabu, nyumba na pensheni viliachwa nje. Vilisubiri hadi Oktoba 1961, mjini Turin, vilipopata Mkataba wa Kijamii wa Ulaya, uliofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1996. Hoja ya kuzitenganisha haki hizi ilikuwa kwamba kumzuia polisi asimpige mtu hakuhitaji fedha, ila kumtibu mgonjwa kunahitaji bajeti, na bajeti si kazi ya jaji. Siikubali hoja hiyo. Polisi, mahakama na masanduku ya kura navyo hulipiwa kodi, na hakuna aliyewahi kusema uchaguzi si haki kwa sababu ni ghali. Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu wa mwaka 1981 haukuzitenga: umeweka kazi, afya na elimu katika waraka uleule unaolinda uhuru.

Matokeo ya kutenganisha yanaonekana ndani ya Mkataba wa Kijamii wenyewe. Nchi inayouridhia hailazimiki kuubeba wote. Mkataba wa 1996 una vifungu 31 vya haki. Tisa kati yake ndivyo vya msingi, na nchi hutakiwa kukubali angalau sita kati ya hivyo, kisha iongeze vingine mpaka vifike 16 kwa jumla, au ikubali aya 63. Kwa hiyo nchi mbili zinaweza kuwa zimesaini mkataba mmoja na wananchi wake wasiwe na haki sawa. Kifungu cha 31, kinachohusu nyumba, ni miongoni mwa vile ambavyo serikali nyingi zimevipita pembeni.

Kwa miaka mingi usimamizi wa Mkataba wa Kijamii ulikuwa wa ripoti tu: serikali inajieleza, Kamati inasoma na kutoa maoni. Mambo yalibadilika kwa itifaki ya mwaka 1995, iliyoanza kutumika mwaka 1998 na kuleta malalamiko ya pamoja. Mtu mmoja mmoja hawezi kulalamika. Wanaoweza ni vyama vya wafanyakazi, vyama vya waajiri na asasi za kimataifa zilizokubaliwa na Baraza. Lakini hapa pana nguvu ambayo Mahakama haina: mlalamikaji hahitaji kumtaja mwathirika, wala kumaliza kwanza ngazi zote za mahakama za nchi yake. Anaishitaki hali yenyewe.

Shauri la kwanza lilikuwa dhidi ya Ureno, kuhusu watoto wanaofanya kazi. Sheria ya Ureno ilikataza ajira hiyo, na serikali iliitegemea sheria hiyo kujitetea. Mwaka 1999 Kamati ilisema sheria nzuri kwenye karatasi haitoshi ikiwa watoto bado wako kazini na wakaguzi hawafiki walipo. Mwaka 2012 wastaafu wa Ugiriki, kupitia vyama vyao, walipinga jinsi pensheni zao zilivyokatwa mara baada ya mara. Serikali ilijibu kuwa ilibanwa na masharti ya wakopeshaji. Kamati ilikataa utetezi huo: deni halifuti wajibu wa nchi kwa wazee wake, na makato yalirundikwa bila hata kupimwa yangewaacha katika hali gani.

Kasoro kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, imefichwa kwenye kiambatisho cha Mkataba. Kinasema wageni wanaolindwa ni raia wa nchi nyingine zilizomo katika mkataba, tena wanaoishi au kufanya kazi kihalali. Mtanzania, Mkenya au Mkongo, hata mwenye kibali, hamo katika maneno hayo. Kamati imekuwa ikiupasua ukuta huu kidogo kidogo. Mwaka 2004, katika shauri dhidi ya Ufaransa, ilisema kumnyima mgeni msaada wa matibabu, hata asiye na kibali, ni kinyume cha Mkataba. Mwaka 2009 iliiambia Uholanzi kwamba mtoto hatolewi nje ya makazi akalale barabarani kwa sababu ya hati za wazazi wake. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Uholanzi ikaamua kwamba familia yenye watoto haiwezi kuondolewa makazini bila kupewa pa kwenda. Maamuzi ya Strasbourg hayana askari wa kuyatekeleza, ila jaji wa nyumbani akiyachukua, hutekelezwa.

Kwa watu wazima njia ilikuwa ngumu zaidi. Baada ya uamuzi wa 2014, uliotokana na malalamiko ya muungano wa makanisa ya Ulaya, manispaa zilianza kutoa malazi ya usiku. Mwaka 2015 Kamati ya Mawaziri, wanakokaa wawakilishi wa serikali zenyewe, ilikumbusha mipaka ya kiambatisho badala ya kusimama na wataalamu wake. Mwaka huohuo mahakama za juu za Uholanzi zikaamua kwamba serikali inaweza kuweka sharti lake la ushirikiano. Wataalamu walisoma neno utu, mawaziri wakasoma kiambatisho.

Wewe unayeishi Ulaya, au mwenye ndugu huko, usipoteze nauli kwenda kugonga mlango wa Kamati hii peke yako. Peleka jambo lako kwa chama cha wafanyakazi au shirika la kutetea wahamiaji, na umwombe wakili aoneshe maamuzi haya kwa jaji wa hapo ulipo. Kwanza ulizia kama nchi hiyo imekubali malalamiko ya pamoja. Kati ya nchi 46, zilizokubali ni 16. Uholanzi na Ufaransa zimo. Uingereza na Ujerumani hazimo.