Baada ya Upasuaji wa Mfupa: Amana Inayorudi Nyumbani

Ukanda wetu wa dhahabu unazikumbuka vyema siku za uokozi. Novemba 2015 wachimbaji watano walitolewa hai katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, baada ya kukaa siku 41 chini ya ardhi. Januari 2017 wengine 15 waliokolewa mkoani Geita baada ya kufukiwa shimoni. Tulimshukuru Allah (SW), na habari zikaishia hapo. Lakini kwa majeruhi aliyevunjika mfupa, awe ametoka katika duara lililotitia au ameanguka na bodaboda katika barabara ya Katoro, siku ya kutolewa ni mwanzo tu. Hospitali humhifadhi kwa siku chache au majuma machache. Familia hukaa naye kwa miezi.

Kamati za misikiti hukutana na jambo hili mara kwa mara, kwani familia hutujia kuuliza juu ya udhu, swala, nauli, na wakati mwingine juu ya kiungo kilichokatwa. Tumeona ni wajibu wetu kuyaweka wazi yale ambayo kila nyumba yapasa kuyajua.

Mfupa na hatari zake

Mfupa wa muundi huhitaji miezi mitatu hadi sita kuunga, na wakati mwingine zaidi. Chuma anachoweka daktari huushikilia tu. Kuunga ni kazi ya mwili wenyewe kwa idhini ya Mola wake. Mgonjwa akiukanyagia mguu kwa nguvu kabla ya kuruhusiwa, au akirudi kubeba viroba vya mawe, chuma huweza kupinda au kukatika.

Hatari kubwa zaidi ni jeraha la wazi, yaani mfupa uliotoboa ngozi. Tope la machimboni huingia na vijidudu ndani ya nyama. Kwa hiyo majeruhi afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, jeraha likiwa limefunikwa kwa kitambaa safi, ili aoshwe vizuri na apewe dawa za kuua vijidudu pamoja na sindano ya pepopunda. Kila saa inayopotea humpa adui nafasi.

Hata kwa mabingwa jambo hili si jepesi. Utafiti uliofanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, uliwafuatilia kwa mwaka mmoja wagonjwa zaidi ya 200 waliovunjika muundi kwa jeraha la wazi. Wengine waliwekewa chuma ndani ya mfupa, wengine vyuma vya nje. Takriban mmoja kati ya watano alifariki au alilazimika kupasuliwa tena kwa sababu ya usaha wa ndani, mfupa kutounga, au kuunga ukiwa umepinda. Baina ya njia hizo mbili haikuonekana tofauti kubwa katika jambo hilo. Funzo kwetu ni kwamba mgonjwa hapaswi kuhesabiwa amepona kwa sababu tu nyuzi zimetolewa.

Tunamfahamu kijana wa jamaa zetu aliyevunjika muundi baada ya timba kukatika shimoni. Alipasuliwa, na mwezi wa pili maumivu yakatulia. Nauli ya kliniki ilikuwa nzito, akaona hapana haja ya kurudi. Mwezi wa nne kikatokea kitundu kidogo kinachotoa maji. Nyumbani wakakipaka dawa za majani kwa majuma kadhaa. Alipofika kwa bingwa, kipande cha mfupa kilikuwa kimekwisha kufa. Amepasuliwa mara mbili tena, na leo anatembea kwa gongo, hali ana mke na watoto watatu wanaomtegemea.

Dalili za kurejea hospitali

Mgonjwa arudishwe bila kungoja tarehe ya kliniki akionyesha lolote kati ya haya: homa, jeraha kuwa jekundu, la moto, kunuka au kutoa usaha, maumivu kuzidi badala ya kupungua. Vidole vikiwa baridi, vimekufa ganzi au vimebadilika rangi ndani ya hogo, au maumivu makali yasiyosikia dawa, aende saa hiyo hiyo, kwani mguu huweza kupotea ndani ya saa chache. Vivyo hivyo shavu la mguu likivimba, au pumzi ikikatika ghafla kwa maumivu ya kifua. Huenda damu imeganda.

Tunawaheshimu wazee wetu wanaounga mifupa kwa ujuzi wa asili. Lakini mguu uliotiwa chuma haukandwi. Sigara nayo huchelewesha mfupa kuunga. Mgonjwa apewe dagaa, maharage, mayai na maziwa kwa kadiri ya uwezo, na mazoezi aliyoelekezwa ayafanye kila siku, goti na kifundo visije vikakakamaa.

Ibada ya mgonjwa

Abu Daud amepokea habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akahitaji kuoga janaba. Wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafa. Mtume (SAW) aliwakemea vikali kwa kutoa hukumu wasiyoijua, akabainisha kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Basi mwenye hogo au bandeji asiiloweshe. Aoshe viungo vizima, na juu ya hogo apanguse kwa mkono wenye maji. Kupangusa huku hakuna ukomo wa siku kama kule kwa khofu. Kunaendelea maadamu dharura ipo. Asiyeweza kusimama aswali ameketi, na asiyeweza kuketi aswali amelala.

Ikiwa madaktari wameona lazima mguu ukatwe ili roho ibaki, familia isikimbie na mgonjwa. Urwa bin Zubeir, mjukuu wa Abubakar (RA) na mmoja wa wanazuoni wakubwa wa Madina, alikatwa mguu uliooza, akaendelea kufundisha na kuabudu. Kiungo kilichokatwa kifungwe kwa kitambaa na kuzikwa; hakiswaliwi.

Wajibu wa jamaa

Mgonjwa mwingi hupotea njiani baina ya nyumbani na kliniki. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea watu wa Geita kungoja kivuko wanapokwenda Bugando, Mwanza, lakini daraja halilipi nauli. Tunapendekeza kila msikiti uandike majina ya majeruhi wake pamoja na tarehe zao za kliniki, na kuwakumbusha baada ya swala ya Ijumaa. Magongo yaliyokwisha kutumika yahifadhiwe msikitini yaazimwe wengine. Majeruhi aliye fakiri, au aliyezama katika deni la matibabu, aangaliwe katika mafungu ya zaka. Na wenye maduara wajue kwamba kumpeleka kijana hospitali siku ya ajali hakujamaliza haki yake kwao.

Mwili ni amana, na kuutibu ni katika mafundisho ya Mtume wetu (SAW). Tunamwomba Allah (SW) awaponye majeruhi wetu, na awape familia zao subira na riziki. Wallahu a'lam.