Picha Jongefu katika Hati za Markdown: Mfano wa Obokano kutoka Magwagwa

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba utanzu wa aina hii hukamilika katika utendaji. Sauti, ishara za mwili na mwitiko wa hadhira ni sehemu ya kazi yenyewe. Hata hivyo, ripoti nyingi za nyanjani huandikwa kwa maneno matupu, au kwa maneno na picha mnato chache. Mwanafunzi anayekusanya nyimbo Magwagwa, katika eneo la Mugirango Kaskazini, Kaunti ya Nyamira, anaweza kueleza kwamba obokano ni zeze kubwa la Abagusii lenye nyuzi nane. Ni vigumu zaidi kueleza namna vidole vya mchezaji vinavyopokezana juu ya nyuzi hizo. Hapo ndipo picha jongefu inapofaa.

Makala haya yanaeleza jinsi picha ya aina hiyo inavyopachikwa katika hati iliyoandikwa kwa Markdown, kinachoifanya isogee, na mahali inapokwama. Hoja kuu ni kwamba picha jongefu katika hati hizi hushikiliwa na mstari mmoja wa maandishi, na kwamba maneno yaliyomo katika mstari huo ndiyo yanayobaki picha inaposhindwa kuonekana au kusogea.

2.0 Istilahi

Istilahi mbili zinahitaji kutofautishwa. Neno "uhuishaji" limetokana na kitenzi "huisha", yaani kukipa kitu uhai. Linafaa zaidi kwa michoro isiyo na mwendo wa asili ambayo msanii huifanya ionekane kana kwamba inatembea. Vidole vya mchezaji wa obokano vilivyorekodiwa kwa simu havikuhitaji kuhuishwa, kwa kuwa vilikuwa hai tangu mwanzo. Kwa hiyo "picha jongefu" ni istilahi pana zaidi: inajumuisha michoro iliyohuishwa na vipande vya video vilivyogeuzwa kuwa mfululizo wa picha.

3.0 Markdown na muundo wa GIF

Markdown ilitolewa mwaka 2004 na John Gruber wa Marekani, akisaidiwa na Aaron Swartz. Ni utaratibu wa kuandika matini ya kawaida kwa kutumia alama chache, kisha programu huigeuza matini hiyo kuwa ukurasa wa HTML. Lengo lake lilikuwa hati iweze kusomeka hata kabla ya kugeuzwa. Mwaka 2014 ulianzishwa mradi wa CommonMark ili kusanifisha kanuni zake, kwa sababu programu mbalimbali zilikuwa zikizifasiri kwa namna tofauti.

Muundo wa GIF una umri mkubwa zaidi. Ulibuniwa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987. Toleo la mwaka 1989 liliruhusu muda wa kusubiri kati ya fremu moja na nyingine kupangwa kwa sehemu za mia za sekunde. Uwezo wa kurudia mfululizo mzima bila kikomo uliongezwa na kivinjari cha Netscape katikati ya miaka ya 1990. Kila fremu ya GIF hutumia rangi zisizozidi 256, na faili nzima haina sauti. Kwa mtafiti wa muziki kasoro hii ya mwisho ni kubwa: GIF itaonyesha mkono unaocharaza obokano, lakini wimbo wenyewe hautasikika. Sauti haina budi kuhifadhiwa katika faili ya pekee na kuwekewa kiungo chake.

4.0 Namna ya kupachika

Markdown haina alama maalumu ya picha jongefu. Alama ya picha mnato ndiyo hiyo hiyo:

`![Vidole vikicharaza nyuzi za obokano](picha/obokano.gif)`

Mstari huu una sehemu tatu. Alama ya mshangao hutangaza kwamba kinachofuata ni picha. Mabano mraba hubeba maelezo ya picha. Mabano ya kawaida hubeba anwani ya faili, ambayo hapa imo katika folda iitwayo "picha", kando ya hati. Ni dhahiri basi kwamba picha yenyewe haimo ndani ya hati, bali hati huielekezea kidole tu. Mwanafunzi akimtumia mhadhiri hati bila folda, mhadhiri atapokea maelezo bila picha.

Jina la faili nalo lina taratibu zake. Lisiwe na nafasi kati ya maneno, na herufi kubwa zisichanganywe ovyo na ndogo. Kompyuta nyingi za Windows huchukulia "Obokano.GIF" na "obokano.gif" kuwa kitu kimoja, ilhali seva za Linux huziona kuwa faili mbili tofauti. Hati iliyofanya kazi vizuri nyumbani inaweza kupoteza picha zake zote ikiwekwa kwenye tovuti.

Markdown ya awali haina njia ya kutaja upana wa picha. Anayetaka kufanya hivyo hutumia alama za HTML moja kwa moja:

`<img src="picha/obokano.gif" alt="Vidole vikicharaza nyuzi za obokano" width="240">`

Tahadhari inahitajika hapa. Kupunguza upana kwa njia hii hubadili namna picha inavyoonekana tu, lakini uzito wa faili haupungui. Msomaji atapakua faili ile ile nzito ili aone picha ndogo.

5.0 Uzito wa picha

Suala la uzito si dogo kwa msomaji anayenunua data kidogo kidogo kwa simu. Kielelezo chenye upana wa pikseli 480 na kimo cha pikseli 360 kina pikseli 172,800 katika kila fremu. Kikidumu sekunde 5 kwa kasi ya fremu 12 kwa sekunde, fremu zitakuwa 60. Kwa kuwa kila pikseli huchukua baiti moja kabla ya kubanwa, jumla ni baiti 10,368,000. Kielelezo hicho hicho kikipunguzwa hadi pikseli 240 kwa 180, fremu 6 kwa sekunde na muda wa sekunde 4, jumla huwa baiti 1,036,800, yaani sehemu ya kumi ya hapo awali. Ubanaji utapunguza uzito zaidi katika hali zote mbili. Kazi hii hufanywa katika programu ya kuhariri picha kabla ya kupachika, na hakuna alama ya Markdown inayoweza kuifanya baadaye.

Ipo njia nyingine ya kumwachia msomaji uamuzi. Hati huonyesha picha mnato nyepesi, na picha jongefu hufunguka pale tu msomaji anapoibonyeza ile mnato:

`[![Vidole vikicharaza nyuzi za obokano](picha/obokano.png)](picha/obokano.gif)`

Njia hii hutatua tatizo la pili pia. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti inataka mwendo unaoanza wenyewe kando ya maandishi, na kudumu zaidi ya sekunde 5, uwe na namna ya kusimamishwa. Aidha, inakataza kumetameta zaidi ya mara tatu kwa sekunde moja, kwa sababu kunaweza kuwaletea baadhi ya watu kifafa. GIF kwa asili yake haina kitufe cha kuisimamisha. Picha isiyoanza hadi ibonyezwe haimlazimishi mtu kuitazama.

6.0 Mahali mwendo unapokoma

Picha jongefu husogea kwa sababu kivinjari kinajua kuionyesha hivyo. Hati ikichapishwa kwenye karatasi, hubaki fremu moja tu. Hati ikigeuzwa kuwa PDF kwa programu ya Pandoc kupitia LaTeX, faili ya GIF kwa kawaida haikubaliwi kabisa, na mwandishi hulazimika kuandaa picha ya PNG badala yake. Programu inayomsomea maandishi mtu asiyeona haiwezi kumwonyesha vidole vinavyocheza. Humsomea kilichomo katika mabano mraba.

Kwa hiyo, mabano hayo yanastahili uangalifu sawa na aya nyingine yoyote. Mwandishi akiandika "picha ya obokano", amewanyima wasomaji hao mwendo wote. Akiandika "Vidole vya mkono wa kulia vinacharaza nyuzi tatu kwa zamu, kisha mkono unatulia juu ya ngozi", ametoa kauli inayoweza kuchambuliwa hata bila picha. Bila shaka kauli hiyo lazima itokane na kile alichokitazama mtafiti, wala si kubuni.

Lugha ya hati nayo itajwe. Markdown yenyewe haina alama ya lugha, lakini Pandoc hukubali mstari `lang: sw` katika maelezo ya mwanzo ya hati. Bila kidokezo hicho, programu ya kusoma inaweza kuyatamka maneno ya Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza, na msikilizaji asielewe lolote.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kupachika picha jongefu katika Markdown ni kazi ya mstari mmoja, bali kuipunguza, kuisimamisha na kuieleza ni kazi kubwa zaidi. Mchezaji wa obokano aliyekubali kurekodiwa Magwagwa anastahili kuarifiwa picha yake itawekwa wapi, na pia anastahili nakala ya kazi hiyo. Huenda nakala itakayomfikia ikawa ya karatasi, ambayo picha yake haitasogea. Kitakachomwonyesha kama mtafiti aliutazama mkono wake kwa makini ni maneno yaliyoandikwa chini ya picha hiyo.