Matuta ya Shuruti na Matuta ya Hiari

Mvua moja kubwa ya masika ikichukua milimita moja ya udongo katika shamba la ekari moja, mwenye shamba hatajua. Jembe halitajua wala jicho halitaona. Lakini ukipiga hesabu, milimita hiyo ni kama mita nne za ujazo, karibu tani tano: shehena ya lori, imeshuka bondeni usiku mmoja. Tena si udongo wowote, bali ule wa juu kabisa, wenye mboji na sehemu kubwa ya chakula cha mimea. Sentimita chache za udongo wa namna hiyo huchukua mamia ya miaka kujiunda.

Hapo ndipo ugumu wa elimu ya udongo unapoanzia. Kiwavijeshi anaonekana akitafuna jani, na mkulima hahitaji kushawishiwa kwamba ana adui. Udongo huondoka bila kelele, msimu baada ya msimu, na mavuno yakipungua lawama huangukia mvua, mbegu au muuza mbolea. Anayetaka kufundisha afya ya udongo sharti kwanza auonyeshe ugonjwa wenyewe.

Lipo jaribio ambalo wagani wengi wanalijua, na halina gharama. Chota madonge mawili makavu ya udongo wa aina moja: moja katikati ya shamba linalolimwa kila mwaka, la pili kwenye mpaka wa shamba hilohilo, chini ya mti au kwenye nyasi ambako jembe halijafika kwa muda mrefu. Yatumbukize taratibu katika bilauri mbili za maji. Mara nyingi donge la shambani hutoa mapovu, hupasuka na kumomonyoka mpaka maji yanakuwa tope. La mpakani hukaa kama lilivyo, na maji yake hubaki karibu meupe.

Kinachotokea ndani ya bilauri ndicho kinachotokea shambani mvua ikinyesha. Maji yanapoingia ghafla kwenye vitundu vya donge kavu, hewa iliyomo hubanwa na kutafuta njia ya kutoka. Donge lenye mboji hustahimili kwa sababu chembe zake zimeshikamana: nyuzi nyembamba za kuvu zimezizunguka, vijizizi vimezipenya, na bakteria wamezigandisha kwa utomvu wanaoutoa wanapokula mabaki ya mimea. Wenye kazi hiyo ni viumbe hai, nao wanahitaji chakula. Shamba likichomwa masalia yake kila kiangazi na kugeuzwa kwa jembe kila msimu, walezi hao wa udongo hufa njaa na gundi yao huisha. Chembe zilizoachana huziba vitundu vya juu, ukoko mgumu hutanda, na mvua iliyokuwa izame ardhini hutiririka juu yake. Ndiyo sababu mashamba mawili yaliyopakana yanaweza kupata mvua ileile, moja likanyauka na jingine likavumilia wiki mbili zaidi.

Mwenye kuliona hilo kwa macho yake haombwi tena kuliamini. Serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilichelewa sana kuelewa kwamba mkulima huonyeshwa, haamriwi, na historia ya kuchelewa huko ni ya machungu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, utawala wa Kiingereza wa Tanganyika uliwaamuru Waluguru, kwenye milima iliyo juu ya mji wa Morogoro, wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko yao. Shabaha ilikuwa ya kweli: milima ilikuwa ikimomonyoka, na mito inayoanzia huko ndiyo hunywesha nchi ya tambarare mpaka Dar es Salaam. Asiyechimba alitozwa faini. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa pamoja naye.

Kisa hiki husimuliwa kama sura ya siasa, na kweli chama cha TANU kilipata wafuasi wengi kwa sababu ya hasira hiyo. Lakini kilikuwa na sura ya sayansi pia, ambayo husahaulika. Katika sehemu nyingi za Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu. Ukichimba ngazi kamili kwa mkupuo mmoja, unazika tabaka hilo na kuleta juu udongo wa chini: mwekundu, maskini wa mboji, na wenye madini ya chuma na alumini yanayoishikilia fosforasi isifikie mizizi. Wakulima waliona mahindi yao kwenye matuta mapya yakidumaa. Waliposema matuta yanaharibu shamba walionekana wakaidi, kumbe walikuwa wakitoa taarifa ya utafiti.

Linalonikera zaidi ni kwamba jawabu lilikuwa limeshachapishwa. Mwaka 1938, jarida la Tanganyika Notes and Records lilitoa makala ya A. H. Pike kuhusu Wamatengo wa milima ya Mbinga na kilimo chao cha ngoro. Mwishoni mwa masika nyasi hufyekwa na kulazwa mteremkoni kwa mistari inayokatana, shamba zima likagawanyika vijumba vya mraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila kijumba na kufunika nyasi. Hubaki mashimo yaliyozungukwa na matuta, na maharage hupandwa juu ya matuta, mahindi yakifuata msimu mwingine. Mvua hutua shimoni na kuzama badala ya kuteremka, na tope linalobebwa hutuama humohumo. Nyasi zilizozikwa huoza zikawa mboji palepale mizizi inapopita. Kazi imegawanyika kwa desturi, wanaume wakifyeka na wanawake wakichimba na kufukia. Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na Wajapani waliichunguza ngoro kwa makini. Ngoro haikuzaliwa na faini.

Upande wa Kenya, Machakos ilianza vibaya vilevile. Mwaka 1938 serikali iliamua kwamba dawa ya mmomonyoko ni kupunguza ng'ombe, ikawakamata zaidi ya elfu mbili wauzwe kwa kiwanda cha nyama cha Athi River. Muindi Mbingu aliwaongoza Wakamba mpaka Nairobi, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa. Serikali ilirudisha mifugo, naye ikampeleka Lamu kizuizini. Wataalamu wa wakati ule waliiona wilaya hiyo kama nchi inayokufa.

Haikufa. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos kikilinganisha miaka ya 1930 na 1990. Watu walikuwa wameongezeka kutoka kama 240,000 hadi karibu milioni 1.4, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua, miti imeongezeka, na thamani ya mazao kwa kila mtu imepanda mara kadhaa. Matuta yale yale yaliyochukiwa yalipochimbwa kwa amri, sasa yalichimbwa na vikundi vya kusaidiana vya mwethya, ambamo wanawake walikuwa mstari wa mbele, bila askari kusimama pembeni.

Ila hayakuwa hasa yale yale. Lililoshinda ni fanya juu. Unachimba mfereji kufuata kontua, upana na kina chake kama sentimita 60, na udongo unautupa upande wa juu ukawa tuta. Juu ya tuta unapanda majani ya tembo au nyasi nyingine za kulisha ng'ombe. Kila mvua huteremsha udongo kidogo mpaka kwenye tuta, ukakwama hapo. Mwaka baada ya mwaka nafasi kati ya tuta na tuta hulala, mteremko ukageuka ngazi wenyewe. Tabaka la juu halizikwi, linasogea polepole likiwa bado juu, na kosa la Uluguru linaepukwa kwa subira. Mkulima naye hapati hasara ya msimu wa kwanza, kwani tuta linamlipa majani ya mifugo kabla hata halijamaliza kazi yake kwenye udongo.

Atakayesema kwamba shuruti haijawahi kufaa popote atapingwa na Kondoa, mkoani Dodoma. Huko, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 serikali iliondoa mifugo yote katika eneo la kilomita za mraba 1,256 lililokuwa limechanika makorongo. Uoto ulirudi kwa kasi iliyowashangaza wataalamu. Sayansi ilishinda, hilo halina ubishi. Bei yake ililipwa na wafugaji waliohamishia ng'ombe maeneo mengine, ambako kwato zilikwenda na mzigo wake, na familia zilizokosa maziwa na samadi kwa miaka mingi kabla ya ufugaji wa ndani kuruhusiwa. Kuiponya ardhi kwa kumwondoa mtu kunawezekana. Ni dawa ambayo haiwezi kuandikiwa nchi nzima.

Dodoma hiyohiyo leo ina njia nyingine. Mwanzo wake ni Maradi, Niger, mwaka 1983, ambako Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alichoka kupanda miche iliyokufa kwa ukame. Aligundua kwamba vichaka vilivyotapakaa mashambani vilikuwa visiki vya miti iliyokatwa, mizizi yake ikiwa hai chini. Kuvikuza kulihitaji tu kuchagua machipukizi machache yenye nguvu, kupogoa mengine, na kuyalinda. Katika Niger mamilioni ya hekta yamerudi kuwa na miti kwa namna hiyo. Dodoma mbinu inaitwa Kisiki Hai, na shirika la LEAD Foundation, likishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi, limeieneza kijiji kwa kijiji kwa kuwatumia wakulima waliofaulu kuwa walimu wa majirani zao. Mti uliokwisha kuwa na mizizi ya miaka 20 hauhitaji kumwagiliwa. Majani yake yanayoanguka ni chakula kwa wale walezi wa udongo niliowataja, na kivuli chake hupunguza joto linalounguza mboji.

Jirani kumfundisha jirani si jambo dogo. Mwaka 1989, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, FAO, lilianzisha Indonesia utaratibu ambao sisi tunauita shamba darasa, kwanza kwa ajili ya wakulima wa mpunga waliokuwa wakipulizia dawa na kuua wadudu rafiki. Miaka ya 1990 ulifika Afrika Mashariki. Kikundi cha watu 20 au 30 hukutana shambani mara kwa mara msimu mzima, hugawa kipande cha ardhi, upande mmoja wakilima walivyozoea na mwingine wakijaribu jambo jipya, kisha hupima na kubishana. Bwana shamba au bibi shamba huuliza zaidi kuliko anavyojibu. Wengine hukaa kimya wiki za kwanza. Wanapoanza kubishana kuhusu kilichosababisha tofauti, somo limeingia.

Linganisha na uhamasishaji tunaouzoea: Siku ya Udongo Duniani tarehe 5 Desemba, mgeni rasmi, kwaya, fulana na kofia. Fulana hudumu kuliko ujumbe wake. Sidharau vyombo vya habari. Redio na simu hufika ambako mgani mwenye kata nzima na pikipiki isiyo na mafuta hafiki. Lakini tangazo linaweza kumwambia mkulima kwamba kuna tatizo la asidi kwenye udongo, halimwambii kama shamba lake ni mojawapo.

Na asidi ni mfano mzuri wa hatari ya kusema jambo moja kwa wote. Mwaka 2006, viongozi wa Afrika waliazimia huko Abuja kwamba matumizi ya mbolea yapande kutoka kilo kama 8 kwa hekta hadi 50. Bara bado halijalifikia lengo hilo kwa wastani. Hata hivyo, katika sehemu za magharibi mwa Kenya na Nyanda za Juu Kusini za Tanzania wapo wakulima wanaoweka mbolea na hawaoni tofauti. Pengine asidi imezidi: pH ikishuka chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kuumiza ncha za mizizi, fosforasi hufungwa, na mbolea zenye amonia zikiwekwa miaka mingi peke yake huongeza asidi hiyo. Huyo anahitaji chokaa kwanza. Mwingine asidi yake ni sawa, ila mboji imekwisha, na mbolea huoshwa na mvua kabla haijatumika. Chokaa haitamsaidia. Anahitaji samadi, masalia na mikunde. Mkutano wa Umoja wa Afrika wa Nairobi, Mei 2024, ulikiri hivyo ulipoweka lengo la miaka 10 si la mbolea tu, bali pia la kurejesha angalau asilimia 30 ya udongo ulioharibika na kuwafikishia asilimia 70 ya wakulima wadogo ushauri unaolingana na mashamba yao. Ushauri wa namna hiyo unahitaji maabara kama ile ya TARI Mlingano, Tanga, na unahitaji mtu wa kukaa na mkulima wakaisoma karatasi ya majibu.

Liko kundi moja ambalo mafunzo haya yote hulipita pembeni. Fanya juu huchukua miaka mitano, pengine 10, kulaza mteremko. Mboji hujengeka polepole vivyo hivyo. Wakulima wa Machakos walichimba wakijua shamba ni lao, na soko la Nairobi liko karibu kuwanunulia mboga na kahawa. Leo vijana wengi wanaolima wanakodi ekari moja au mbili kwa msimu. Mwambie kijana wa namna hiyo achimbe mfereji, naye atakupigia hesabu ambayo mtaalamu hawezi kuikosoa: jasho ni lake, udongo ni wa mwenye shamba, na shamba likipendeza kodi itapanda. Shamba darasa la watu wa aina yake lingepaswa kumwita na mwenye shamba akae kwenye nyasi pamoja nao, aone madonge mawili ndani ya bilauri, kisha wajadili mkataba wa misimu 10 badala ya mmoja, wenye kipengele kinachosema atakayechimba matuta atapunguziwa kodi kiasi gani.