Hasira za Ghafla Nyumbani: Tuanze na Mwili, Nasaha Ifuate

Wamo katika nyumba zetu vijana ambao neno dogo huwawasha kama petroli. Binti ameambiwa na rafiki yake kuwa hatakuja. Baada ya dakika chache analia, anavunja vyombo, anatamka kuwa hataki kuishi. Saa mbili baadaye ametulia na anaona haya. Majirani husema ana jini, ndugu husema amedekezwa.

Si kila mwenye hasira ni mgonjwa. Lakini hali hiyo ikidumu kwa miaka, ikaambatana na hofu kubwa ya kuachwa, kupenda na kuchukia kupita kiasi, na kujijeruhi, huenda likawa tatizo la haiba ambalo wataalamu huliita bodalaini. Hakuna dawa maalumu ya kuliponya. Tiba kuu ni mazungumzo na mafunzo ya kudhibiti hisia. Mwanasaikolojia wa Marekani, Marsha Linehan, aliyeasisi mojawapo ya tiba hizo, alieleza hadharani mwaka 2011 kwamba yeye mwenyewe alilazwa hospitalini ujanani kwa kujijeruhi. Njia ya kutokea, basi, ipo.

Katika tiba hiyo mwili una nafasi yake. Mhemko unapopanda, moyo huenda mbio na misuli hukaza; wakati huo nasaha haisikiki. Kwa hiyo mgonjwa hufundishwa kujimwagia maji baridi usoni, kufanya zoezi kali kwa muda mfupi, kama kuzunguka uwanja kwa kasi, kisha kupumua polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia. Mwenye maradhi ya moyo amwone daktari kwanza.

Hatua ya mwisho isiachwe. Mapitio ya tafiti 154 yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kuwa hasira hupungua kwa yale yanayotuliza mwili, kama kupumua taratibu, na kwamba kukimbia peke yake hakuipunguzi. Kupiga godoro ili "kuitoa hasira" si dawa.

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aliyeghadhibika akiwa amesimama aketi, na hasira isipoondoka alale. Naye alishindana mbio na mkewe, Bi Aisha (r.a.). Mazoezi, basi, hayapingani na heshima ya mwanamke.

Nje ya dhoruba, mazoezi ya kila siku hupunguza huzuni na kuleta usingizi mzuri, na aliyelala vizuri hachokozeki upesi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hapa Tabora hayahitaji fedha: baada ya Swala ya Alfajiri, mama na binti wanaweza kutembea nusu saa chini ya miembe, siku tano kwa wiki, na dakika 150 zimetimia.

Mji huu unajua thamani ya mwendo. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka hapa hadi Bagamoyo wakiwa na mizigo ya takriban kilo 30, kituo baada ya kituo, mbele yao kirangozi akiongoza mwendo. Hakuna aliyefika pwani kwa siku moja. Mgonjwa naye anahitaji kirangozi: mzazi, mume au dada anayetembea naye bila kumhubiria wala kumwaibisha.

Hata hivyo, mazoezi ni msaada, hayachukui nafasi ya tiba. Anayesema anataka kufa asidharauliwe wala kuachwa peke yake. Mwulize kwa upole, naye msikilize. Katika mkoa wetu wa tumbaku, sumu za shambani hukaa karibu na vitanda. Zifungiwe mbali, na vidonge vilevile. Kisha apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, ambako anaweza kuelekezwa hadi Mirembe, Dodoma, ikibidi. Kumsomea Qur'ani ni kheri, wala hakumzuii kumwona daktari. Kumfunga kamba na kumpiga ni dhulma.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na atupe sisi subira ya kutembea nao. Amin.